Maji Machafu ya Komyuni Tatu

Jumatano, 12 Septemba 1990

Mvua ya kwanza ya umuhindo, vuli yetu, imenyesha leo, nami nimerudi nyumbani Biryogo, mtaa wa Waislamu hapa Kigali, viatu mkononi. Mama amenicheka: "Karani wa serikali anatembea pekupeku!" Nikamwambia mimi ni karani wa vyoo, si wa serikali. Akacheka zaidi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna komyuni tatu, yaani tarafa tatu, zinazopakana, na majitaka yao yote yanateremkia bonde moja. Yanatoka kwenye maofisi ya Kimihurura, yanapita chini ya nyumba mpya za Kimironko, yanaishia Masaka, ambako watu wanachota maji ya kunywa kwenye chemchemi. Sasa komyuni hizo zimeambiwa zikae pamoja zipange mahali pamoja pa kuyasafisha. Injinia wetu ni Bwana Gasana. Yeye haziiti komyuni kwa majina. Anasema komyuni ya juu, ya kati na ya chini, kwa jinsi maji yanavyoshuka. Mimi, Leila, nimeajiriwa kuandika kumbukumbu za vikao, kumbebea darubini ya kupimia na kumshikia fimbo ya vipimo bondeni.

Kikao cha leo kimeongozwa na Bwana Nzeyimana, burugumesitiri, yaani mkuu, wa komyuni ya juu, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa; ofisi ya mradi wetu imo jengoni mwake. Komyuni ya kati imemtuma Madamu Épiphanie, ambaye hasemi mpaka aulizwe. Kutoka komyuni ya chini amekuja burugumesitiri mwenyewe, Mzee Libère, mwenye mabega ya kuziba mlango. Gasana alitandaza mchoro wake mezani akaeleza habari ya mabwawa: majitaka yatatulia katika bwawa la kwanza, yatahamia la pili, kisha la tatu, jua na matete yatafanya kazi yake, na mwishoni yatatoka maji yanayofaa kumwagilia kabichi.

Libère akasimama. Aliwahi kuendesha malori Kongo, na kwa kuwa mimi ni Mswahili wa Biryogo, hupenda kunisemesha Kiswahili chake ili nisikosee kuandika.

"Andika, binti yangu. Mavi ya wakubwa ikae kwa wakubwa. Masaka si choo ya Kigali. Hii kitu iko na halufu."

"Haina harufu ikijengwa vizuri," Gasana akasema.

"Basi wewe kunywa ya kwanza, mimi nitakunywa ya pili."

Nilijificha nyuma ya karatasi zangu nicheke. Bwana Nzeyimana hakucheka. Kikao kimeahirishwa.

Jumanne, 18 Septemba

Mvua. Kamyoneti, gari letu la kazi, imekwama. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 21 Septemba

Tumeanza kuchimba mashimo ya kupimia udongo, bondeni Masaka, kwa ruhusa iliyotiwa sahihi na wote watatu, ambayo Bwana Nzeyimana ameifungia kabatini mwake. Kila shimo linammeza mtu mzima. Gasana anataka kujua maji ya ardhini yako karibu kiasi gani, kwa sababu yakiwa karibu, uchafu wa mabwawa utayafikia.

Mama mmoja anaitwa Pudentienne, mwenye viazi vitamu pembeni, alisimama akatutazama. "Shimo refu hivi, mnamzika nani?" Tukacheka wote.

Libère alifika na gamboti. Hakusema salamu. Aliingia mwenyewe shimoni akaanza kupiga kelele kutoka humo: maji yanatoka, tazameni, maji yanatoka! Gasana akapiga magoti ukingoni akimjibu kwamba hayo ni ya mvua, si ya ardhini. Wakabishana hivyo, mmoja chini mmoja juu, mpaka mvua ikatufukuza. Libère alipopanda alikuwa matope mpaka kiunoni. Akamwambia Gasana, "Jumanne, tarehe tisa mwezi wa kumi, nitaludi. Hatujamaliza."

"Njoo na koleo," Gasana akasema.

Nafikiri wanapendana bila kujua.

Jumanne, 2 Oktoba

Redio imesema jana watu wenye silaha wamevuka mpaka kutoka Uganda, na kwamba ni wana wa Watutsi waliokimbilia huko. Ofisini kila mtu ameinama juu ya meza yake. Bwana Nzeyimana alipita, akasimama karibu na Gasana, akamuuliza taratibu, "Kaka yako yule, bado anakaa Kampala?"

"Bado. Tangu tukiwa watoto."

"Aa," akasema Nzeyimana, akaenda.

Kitambulisho cha Gasana kinasema Mtutsi. Sijawahi kukifikiria mpaka leo.

Ijumaa, 5 Oktoba

Risasi, tangu usiku mpaka kukapambazuka. Tumelala sakafuni, mimi na Mama, yeye akisoma dua mdomo ukiwa umegusa mkeka. Redio inasema adui ameingia mjini na kila mtu abaki kwake. Sijui ni adui gani. Sisikii mtu akijibu risasi hizo.

Jumapili, 7 Oktoba

Wanakamata watu. Wanawapeleka kwenye uwanja wa mpira, juu kidogo ya mtaa wetu. Malori yanapita mlangoni petu. Mama ameziba dirisha kwa kanga, kama kwamba kanga inazuia kitu. Watu waliomo garini hawalii. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 8 Oktoba

Gasana hayupo. Wamemchukua juzi nyumbani kwake.

Nimejua sababu kutoka kwa dereva wetu, ambaye aliniambia akijifanya anaangalia gurudumu. Kuna mtu amepeleka habari kwamba bondeni Masaka yamechimbwa mahandaki ya kuwaficha adui, na kwamba Mtutsi mwenye ndugu Kampala amekuwa akipima barabara kwa darubini. Anaitwa *icyitso*, yaani msaidizi wa adui.

Darubini hiyo niliibeba mimi. Fimbo ya vipimo niliishika mimi, na kila aliyepita barabarani aliniona na kitambaa changu cha njano kichwani.

Nilikwenda mezani kwa Bwana Nzeyimana. "Bwana Burugumesitiri, mashimo yale mliyatilia sahihi hapa, wote watatu. Ukiwaambia tu..."

"Mashimo gani?"

"Ya majitaka."

Alikuwa akifuta miwani yake, akaendelea kuifuta. "Mademoiselle Leila, wewe ni msichana mwenye akili. Nyinyi watu wa Biryogo mnakaa vizuri na kila mtu. Endelea kukaa vizuri."

Nikarudi mezani pangu.

Jumanne, 9 Oktoba

Kila gari likipunguza mwendo mtaani, nasogea mbali na mlango. Nimekificha kile kitambaa cha njano ndani ya gunia la mchele.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Madamu Épiphanie nyumbani. Hakunikaribisha ndani. Alitoka mpaka kwenye ua, akanishika mkono kwa nguvu.

"Mdogo wangu, mume wangu anafanya kazi wizarani. Mama yake ni Mtutsi. Unaelewa? Sisi tunapumua kwa shida. Usije tena hapa, nakuomba kwa Mungu."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nikashindwa.

Ijumaa, 12 Oktoba

Uwamahoro, mke wa Gasana, husimama na wanawake wengine mbali kidogo na lango la uwanja, na kikapu cha chakula ambacho askari hawakipokei. Leo nilipita upande wa pili wa barabara. Aliniona. Sikuvuka.

Jumatano, 17 Oktoba

Mvua mchana kutwa. Nafikiria wale walio uwanjani, ambako hakuna paa upande mmoja.

Jumatatu, 22 Oktoba

Bwana Nzeyimana amenituma Masaka na dereva, nimwambie Libère kwamba jeshi limeamuru mashimo yafukiwe. Nilitaka kukataa. Sikuthubutu.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabara ya Masaka, askari alisoma kitambulisho changu kwa muda mrefu. "Leila. Hilo jina la wapi?" Nikasema la Kiislamu. "Unakwenda kufanya nini?" Nikasema nakwenda kufukia mashimo. Alinitazama, kisha akalipungia gari lipite. Mpaka sasa nashangaa jibu lile lilitoka wapi.

Pudentienne alikuwa akivuna viazi. Aliponiona akaangalia kwanza huku na huku, kisha akaja. "Dada, watu wanasema mengi juu ya mashimo haya. Wengine wanasema kwa ajili ya adui, wengine wanasema kwa ajili yetu sisi wenyewe, ya kututupa humo. Mimi usiku nalala na watoto kwenye migomba." Nikamwambia ni ya majitaka. Akasema, "Najua. Mlinieleza. Lakini sasa nikiyaona naogopa."

Libère alikuwa ofisini kwake. Safari hii hakuwa na matope. Kabla sijasema neno akaniuliza:

"Gasana iko wapi? Tulisema Jumanne, bondeni. Jumanne imepita, ingine imepita. Anaogopa mimi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, mahandaki, darubini, uwanja, mpaka ndugu wa Kampala. Sikutegemea chochote. Huyu ndiye mtu aliyempinga Gasana kuliko wote. Nilifikiri atasema Mungu amemwondolea mpinzani.

Alisimama. Akaanza kusema Kinyarwanda, haraka, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mahandaki? Mimi niliingia ndani ya shimo lile. Nilisimama humo nikimtukana mbele ya watu wangu. Miezi mingapi nagombana na yule mtu juu ya mavi? Nani anayajua mashimo yale kuliko mimi?"

"Nzeyimana anasema hakumbuki," nikasema.

"Nzeyimana hakuingia shimoni." Akachukua kofia yake ukutani. Akaivaa, akaivua, akakaa tena. "Alhamisi," akasema. "Alhamisi nitakuja. Na wewe utakuwepo, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika."

Nimerudi nyumbani. Mama sijamwambia.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nitajaribu kuandika yote.

Nilimwambia Mama naenda sokoni. Yeye akanitazama akasema, "Sokoni hawaendi na buibui la Idi." Lakini hakunizuia. Alinifunga ushungi mwenyewe, kama nilipokuwa mdogo.

Wanaochunguza waliokamatwa wanakaa kwenye chumba kidogo karibu na uwanja. Harufu ya uwanja ilitufikia, mimi na Libère, kabla hatujaona lango. Libère alikuwa amevaa koti la harusi, limembana, na nembo yake ya burugumesitiri. Uwamahoro alikuwa palepale na kikapu chake. Mara hii nilivuka. Sikujua niseme nini, nikamshika tu mkono. Akasema, "Ulikuwa unaogopa." Nikasema bado naogopa. Akasema, "Na mimi."

Ndani kulikuwa na ofisa mmoja kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, na askari mlangoni. Libère akajitambulisha.

"Umekuja kumtetea Mtutsi?" ofisa akauliza.

"Nimekuja kumshitaki," Libère akasema.

Nilimgeukia Libère. Ofisa akanyanyua kichwa.

"Mtu huyu," Libère akaendelea, "anataka kuniletea choo cha wakubwa wote wa Kimihurura mbele ya nyumba ya mama yangu. Amechimba mashimo kwenye bonde langu kupima udongo. Mimi nimempinga kwenye kikao, nimempinga bondeni, nimeingia shimoni kwa miguu yangu kumwonyesha kwamba maji yako karibu. Ni mtu mkaidi. Ni mtu asiyesikia. Lakini mashimo ni ya mavi, Bwana Kapiteni. Mtu akikuambia ni ya vita, huyo hajawahi kuingia humo. Na ukimfunga, nani nitagombana naye? Watamtuma mwingine nisiyemjua, atachimba bila kuniuliza."

Askari wa mlangoni alitoa sauti kama kikohozi. Ofisa hakucheka.

"Na wewe?" akaniuliza mimi.

"Mimi ni karani. Nilishika fimbo ya vipimo."

"Fimbo ya namna gani?"

Nikainua mkono juu ya kichwa kumwonyesha urefu wake, nikausimamisha hivyo, kama nilivyokuwa nikifanya bondeni. Mkono ulitetemeka mbele ya macho yake. Aliutazama muda mrefu sana.

"Unaogopa nini kama husemi uongo?"

"Nakuogopa wewe," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Libère alifumba macho. Ofisa akasogeza kiti nyuma, akaandika kitu, akamwambia Libère atie sahihi kwamba anajibu yeye kwa mtu huyu, kwa kichwa chake. Libère akatia sahihi. Kalamu ilichana karatasi.

"Nendeni. Tutaona."

Nje, Libère aliegemea ukuta. Jasho lilikuwa limeloanisha koti lake mgongoni. "Binti yangu," akasema kwa Kiswahili, "mimi iko mtu mzima, lakini nilitaka kukojoa."

Alhamisi, 1 Novemba

Hakuna habari. Mvua.

Jumamosi, 3 Novemba

Gasana ametoka.

Jumanne, 6 Novemba

Nimekwenda kumwona. Amekonda, sikio la kulia halisikii, na mtu akipita dirishani anakatisha neno. Uwamahoro alimwekea chai, ikapoa. Baada ya muda mrefu alinisimulia jambo moja tu.

"Leila, maelfu ya watu na hakuna choo. Siku za kwanza hakuna hata maji. Wazee walikuwa wanalia kwa aibu. Basi nikawaambia wenzangu, sehemu hii ina mteremko, tuchimbe mfereji. Tulichimba kwa mikono na vifuniko vya sufuria. Walipotuona wakasema, huyu anachimba tena. Ndipo wakanipiga sikio."

"Mfereji mliumaliza?"

Akafikiri. "Wengine waliumaliza."

Jumatatu, 19 Novemba

Libère ameondolewa. Imetangazwa kwamba ni kwa sababu za kazi. Mahali pake wamemweka msaidizi wake, mtu mwenye heshima nyingi na macho yasiyotulia. Jina la Libère halitajwi tena ofisini.

Jumatano, 28 Novemba

Kikao, cha kwanza tangu Septemba. Gasana amerudi kwenye kiti chake kwa sababu wafadhili wa mradi wanataka mchoro kabla ya mwaka kwisha. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Bwana Nzeyimana alisema, "Tunafurahi wote tupo." Akasoma mpango. Mabwawa yajengwe bondeni Masaka, pale pale kwenye mashimo. Madamu Épiphanie akainamisha kichwa kukubali. Burugumesitiri mpya akainamisha kichwa. Chai ilikuwa bado haijapoa.

Gasana alisema kwa sauti ndogo, "Hakuna mwenye swali juu ya chemchemi?"

Bwana Nzeyimana akafunga faili.

Baadaye, kwenye ngazi, aliniambia kwamba shimo la mwisho, lililo karibu na chemchemi ya kina Pudentienne, lilijaa maji kutoka chini, si ya mvua. Alilijua kabla ya vita. Alikuwa anasubiri Jumanne ile amwambie Libère kwamba, mara moja tu, yeye alikuwa sahihi.

"Kwa nini hukusema leo?"

"Nikisema mashimo, Leila, mate yanakauka."

Nilimwelewa. Na mimi nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Wakigombana nilikuwa silali kwa kucheka. Sasa wamekubaliana wote, na ninaogopa kuliko siku ya risasi.

Jumamosi, 8 Desemba

Tumekwenda Masaka, mimi na Gasana, kwa basi. Kwenye bariyeri waliposoma kitambulisho chake wakamshusha. Nikashuka naye. Nilimsikia akipumua kama mtu aliyekimbia. Wakamgeuza, wakamkagua, wakapata kalamu na mchoro.

"Hii nini?"

Nikajibu mimi: "Ni choo."

"Choo kikubwa hivi?"

"Cha komyuni tatu."

Wakacheka, wakaturudishia. Basi lilikuwa limeshaondoka. Tukatembea kipande kilichobaki kwa miguu.

Libère alikuwa akilima maharage nyuma ya nyumba. Alimwona Gasana, akaacha jembe. Walitazamana. Nilifikiri watakumbatiana, lakini Libère akasema, "Umekonda mbaya," na Gasana akasema, "Wewe umenenepa kwa uvivu," na wote wawili wakageuka upande mwingine kufuta nyuso.

Kisha Gasana akatandaza mchoro kwenye majani akamwonyesha. Ulikuwa mchoro mpya. Ameyashusha mabwawa chini zaidi, mbali na chemchemi, kwenye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Gharama itapanda, bomba litakuwa refu. Libère alipiga magoti, akafuata mstari kwa kidole.

"Hapa iko njia ya ng'ombe."

"Tutaweka daraja."

"Daraja! Ng'ombe anajua daraja?"

Wakaanza. Wakapandisha sauti mpaka mke wa Libère akatoka jikoni kuona kuna nini. Nilikaa juu ya mpini wa jembe nikawasikiliza. Sijasikia binadamu wawili wakibishana kwa sauti kubwa tangu mwezi wa kumi.

Libère alitusindikiza mpaka kwenye ua wa miti tu. Alisema tangu Novemba havuki hapo. Vijana fulani humngoja njiani.

Ijumaa, 14 Desemba

Kikao cha mwisho cha mwaka. Gasana aliweka mchoro mpya mezani, akaeleza habari ya chemchemi, mikono yake ikiwa chini ya meza. Alisema neno shimo. Alilisema mara kadhaa.

Nilingoja mtu aulize kwa nini umebadilika. Bwana Nzeyimana aliuvuta mchoro, akatia sahihi bila kuutazama, kama mtu anayetaka kuondoka chumbani. Burugumesitiri mpya akafuata. Madamu Épiphanie alikuwa wa mwisho. Yeye aliusoma. Aliusoma mpaka pale chemchemi ilipo, akamtazama Gasana, akatia sahihi.

Kisha nikaambiwa nisome kumbukumbu, kama ilivyo desturi. Sentensi moja nilikuwa nimeiandika tangu asubuhi, nayo ni hii: mabadiliko haya yamefanywa kufuatia pingamizi la Bwana Libère wa Masaka. Nilipofika hapo nikaweka kidole chini ya mstari. Nikafikiria lori mlangoni, nikamfikiria Mama.

Nikalisoma jina. Hakuna aliyenyanyua uso. Bwana Nzeyimana akasema taratibu, "Hapo sikusikia vizuri."

Nikajua ananipa nafasi ya kuliruka.

Nikalisoma tena.